Somo la Biashara, Somo la Kompyuta: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Matokeo ya upimaji wa kidato cha pili yakishatoka, katika shule nyingi mwalimu wa taaluma huketi na orodha ya majina akaanza kugawa: hawa sayansi, hawa sanaa, na wale waliobaki wapeleke biashara. Kompyuta hupewa wanaoitaka kwa makelele zaidi, au hupewa kila mtu, au haipewi yeyote kwa kuwa mwalimu wake kahama. Mgawo wa namna hii umetuletea vijana waliosoma utunzaji wa hesabu miaka miwili na hawawezi kufunga hesabu ya kibanda cha chipsi. Masharti yanayofuata ni ya mwanafunzi anayechagua, ni ya mzazi anayelipa, na machache ni ya mkuu wa shule. Sikuyaandika kumbembeleza mtu.

Usikimbilie biashara kwa sababu Fizikia imekushinda. Hisabati uliyoikimbia kule imetangulia huku inakungoja. Ukifika kidato cha tano na tahasusi ya ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, utakuta ile hisabati ya nyongeza ambayo wanafunzi wanaiita BAM. Ukitaka kompyuta kwa njia ya PMCs, hapo Fizikia na Hisabati ndizo zimekaa mbele, Kompyuta inafuata nyuma. Hakuna mlango wa uani.

Usidhani kujua simu ni kujua kompyuta. Kupakia video TikTok hakukufundishi kupanga mafaili, kutengeneza hifadhidata, wala kuandika programu ya mistari kumi inayofanya kazi.

Jua lipi ni la lazima na lipi ni la hiari, na ujue pointi zinavyohesabiwa. Mtaala wa Tanzania ulioboreshwa wa 2023 umeliweka somo la Elimu ya Biashara kati ya masomo ya lazima katika mkondo wa jumla wa sekondari ya chini. Kwa hiyo kijana anayeufuata mtaala huo hana haja ya kujisifu kwamba "amechagua biashara". Amepangiwa kama wenzake wote. Uchaguzi wake uko kwenye utunzaji wa hesabu na kwenye sayansi ya kompyuta. Wa mtaala wa zamani huchagua wakiingia kidato cha tatu. Kwa wote, daraja la kidato cha nne hutokana na masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, F ni pointi 5, na daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. Somo la nane au la tisa halikushushi daraja. Linakula muda, na muda huo hauhesabiwi kwenye cheti.

Kagua chumba cha kompyuta kabla hujaandika jina lako. Usiulize shule ina kompyuta ngapi. Utatajiwa idadi iliyoandikwa kwenye ripoti ya wafadhili. Uliza zinazowaka ni ngapi. Uliza ufunguo anakaa nao nani, na akisafiri unabaki kwa nani. Uliza umeme ukikatika mnafanya nini. Uliza kipindi cha vitendo kipo kwenye ratiba au ni "tukipata nafasi". Halafu ingia ndani. Ukikuta mashine zimefunikwa vitambaa vya maua vilivyodariziwa vizuri na vumbi juu ya vitambaa, umeshajibiwa. Mtihani wa taifa wa kompyuta una sehemu ya vitendo: unakalishwa mbele ya mashine, unapewa kazi, na saa inakwenda. Hapo ndipo hujulikana nani alikuwa anachorewa kibodi ubaoni. Mzazi, ukiona shule haina vifaa wala mwalimu, mwambie mwanao achukue somo lingine, asomee kompyuta kwenye kituo cha mtaani wakati wa likizo. Hiyo si aibu. Aibu ni kulipa ada ya somo ambalo halipo.

Anza na karatasi na kalamu. Mashine baadaye. Na usianze na mifano ya kitabuni ya kampuni ambazo hujawahi kuziona. Nenda kwa wakala wa pesa za simu hapo mtaani, umwombe kwa adabu akueleze kazi yake. Asubuhi ana keshi 300,000 mkononi na floti 200,000 kwenye simu, jumla 500,000. Mteja anakuja kuweka 50,000: keshi inapanda hadi 350,000, floti inashuka hadi 150,000, jumla bado 500,000. Mwingine anakuja kutoa 120,000: keshi inabaki 230,000, floti inakuwa 270,000, jumla ileile. Kamisheni yake huja pembeni, nayo ina mahali pake pa kuandikwa. Hiyo ndiyo debiti na krediti yote. Kila kinachoingia huku kimetoka kule. Jioni akihesabu akapata 480,000, hahitaji mganga. Kuna 20,000 imetoka bila kuandikwa, na mara nyingi aliyeitoa ni yeye mwenyewe, alipoagiza chakula cha mchana na vocha ya mdogo wake.

Mwanafunzi aliyekaa na wakala huyo siku moja anaelewa daftari la fedha kuliko aliyekariri fasili yake mara mia.

Urari ukikataa kulingana, usibuni namba ya kuulinganisha. Huo ni wizi, hata kama ni wa mazoezi. Tafuta kosa, na lina njia za kutafutwa. Chukua tofauti ya pande mbili ujaribu kuigawa kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kuna uwezekano mkubwa umegeuza tarakimu mahali: mauzo ya 54,000 yameandikwa 45,000, tofauti ni 9,000. Isipogawanyika, gawa kwa 2, kisha tafuta kiasi hicho katika leja. Tofauti ikiwa 26,000, tafuta 13,000 iliyowekwa upande usio wake. Karani wa zamani, aliyefanya kazi kwa wino na kitabu kikubwa chenye jalada gumu, alikuwa na mbinu hizi kichwani kabla ya chai ya saa nne. Kijana wa leo anafuta safu nzima akaanza upya.

Usiandike "/=" ndani ya Excel. Natamani sharti hili libandikwe kwenye kila chumba cha kompyuta nchini. Sisi tumezoea kuandika bei hivyo kwenye risiti na kwenye mabango, na kwenye karatasi hakuna ubaya. Ndani ya Excel, ukiandika 45,000/= mashine haioni tena namba, inaona maneno. Weka mauzo matatu: 45,000/= na 30,000 na 25,000. Iambie ijumlishe safu. Itakupa 55,000, bila kelele, bila rangi nyekundu, bila kuomba radhi. Dalili ni ndogo: namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku, maneno hukaa kushoto; hiyo 45,000/= utaiona imejitenga kushoto peke yake. Andika tarakimu tupu, kisha uiambie programu yenyewe iweke alama ya fedha. Na kila jumla inayotoka kwenye mashine, ikadirie kwanza kichwani. Aliyekadiria kwamba jibu ni kama laki moja hatakubali elfu hamsini na tano. Asiyekadiria atachapisha, atapeleka, na atajitetea kwamba kompyuta ndiyo iliyosema.

Usiiabudu mashine. Tanzania ilishapata somo hilo kwa gharama. Wizara ya Fedha iliweka kompyuta katika miaka ya 1960, mapema kabisa kwa nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru. Baadaye mfumo wa kufanyia hesabu za Serikali kwa kompyuta ukaleta vurugu na hasara, wataalamu wa ndani wa kuusimamia wakiwa haba, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikaa miaka mingi. Wapo wanaoicheka leo kama ushamba wa enzi za Ujamaa. Mimi siicheki. Aliyewahi kuona ofisi ambayo mhasibu haelewi mfumo, na fundi wa mfumo haelewi uhasibu, anajua hasira iliyozaa uamuzi ule, ingawa dawa yake ilikuwa kali kuliko ugonjwa. Ndiyo maana nasema ukiweza kuyasoma masomo haya mawili pamoja, yasome pamoja, maana mtu anayeelewa pande zote mbili bado ni adimu.

Usikariri Kiingereza usichokielewa. Mtihani ni wa Kiingereza, sawa. Lakini mizania iliyoeleweka kwa Kiswahili huandikika kwa Kiingereza. Iliyokaririwa huyeyuka swali likigeuzwa kidogo tu.

Usichezee nywila ya mtu. Kila darasa la kompyuta lina kijana mmoja anayejiona shujaa kwa kuingia kwenye akaunti ya mwalimu. Kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na anayetengeneza hifadhidata ya wanafunzi wenzake kama zoezi, yenye namba za simu za wazazi na maradhi ya watoto, ajue kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Tumia majina ya kubuni. Mwalimu, hili linakuhusu pia.

Mzazi, mfungulie mwanao daftari la duka. Unamlipia ada asome biashara, halafu akigusa kitabu cha madeni unamfukuza kama kuku kwenye mpunga. Mwonyeshe nani anadaiwa na tangu lini. Mwonyeshe ulinunua unga kwa kiasi gani na unauza kwa kiasi gani. Zaidi ya yote, mwache aandike unachokichukua wewe: kilo mbili za sukari ulizopeleka nyumbani, elfu kumi ya mchango wa harusi uliyochomoa kwenye droo. Kwenye vitabu hayo ni matumizi binafsi ya mwenye mali, na yana ukurasa wake. Najua hupendi kuuona ukurasa huo. Maduka mengi ya mitaani yanafia hapo hapo huku mwenyewe akimlaumu jirani kwa husuda.

Lakini usimgeuze mtoto karani wa bure hadi saa nne usiku, kisha ukashangaa ana F ya Hisabati.

Usichague uhasibu kwa sababu shangazi anafanya benki. Shangazi aliajiriwa wakati watu walipanga foleni mpaka nje ya mlango kutoa pesa zao wenyewe. Siku hizi wanatoa kwa wakala. Kazi za hesabu zipo, ila zimehama: zipo kwa wafanyabiashara wadogo wasiojua kuandaa hesabu za kupeleka Mamlaka ya Mapato, TRA, zipo kwenye vyama vya akiba na mikopo, zipo kwa wanaotengeneza na kuhudumia mifumo ya malipo. Waulize wanaozifanya leo.

Mkuu wa shule, toa ufunguo. Kompyuta isiyotumika huharibika vilevile, tena bila faida kwa mtu. Panga zamu, andika majina, weka mwanafunzi wa kusimamia, na mashine ikifa ifungulieni watoto waone ndani mna nini.

Katika mtihani wa vitendo, hifadhi kazi yako kila unapomaliza kipengele, wala usingoje mwisho. Faili lipe jina ulilopewa na swali, herufi kwa herufi. Kabla ya kuinuka, lifungue tena uhakikishe limo.

Selform, ile fomu ya kuchagulia tahasusi, ijaze mwenyewe, na uijaze kwa akili. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 zikaongezwa juu ya 16 zilizokuwapo, zikawa 65. Bado kuna wanafunzi wanaojaza zile tatu walizozisikia kwa kaka zao. Soma orodha nzima ukiwa na alama zako mezani, na sifa za kujiunga na kozi unazozitaka chuoni ziwe kando yake. Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, dirisha la kubadili tahasusi likifunguliwa, ingia mapema, na usimpe mwenye duka la intaneti akuchagulie kwa kuwa foleni ni ndefu.