Fenda Ing'ae Kama Mpya: Vidokezo 8 vya Kupiga Msasa Kabla ya Rangi

Bodaboda amekukwangua kwenye foleni na fenda ya IST yako imebaki na mchirizi mweupe? Pole, ila usikate tamaa! Kazi ya kuandaa bodi unaiweza mwenyewe wikiendi hii, kisha fundi apulize rangi tu. Kumbuka jambo moja: rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, ina unene wa takriban sehemu 1 ya 10 ya milimita. Haina nafasi ya kuficha mkwaruzo. Utakachokiacha chini ndicho kitakachoonekana juu.

1. Osha kwanza, msasa baadaye
Gari linalopigwa polishi kila wiki lina nta na silikoni. Ukianza na msasa, unazisukumia ndani ya mikwaruzo, halafu rangi mbichi inajitenga na kuacha vijishimo. Anza na sabuni ya vyombo na maji mengi. Likikauka, futa kwa dawa ya kuondoa nta ukitumia vitambaa viwili vyeupe: kimoja cha kupaka, kingine cha kufutia kabla dawa haijakauka.

2. Namba ndogo, meno makali
Geuza karatasi usome nyuma. P80 ni ya kutu na puti, P180 hadi P240 ni ya kulainisha, P320 inatangulia praima. Praima ikikauka, malizia na P600 kabla ya rangi. Kwa rangi ya fedha yenye chenga, nenda hadi P800. Usiruke kutoka P80 kwenda P320, maana mikwaruzo mikubwa itabaki palepale ikisubiri rangi ikauke iianike. Karatasi za katikati ni bei ndogo, zinunue zote.

3. Shika kibao, si karatasi tupu
Vidole vinachimba mifereji, hata kama mkono wako ni mwepesi. Zungushia msasa kwenye kibao kilichonyooka, usugue kwa mshazari kushoto, kisha kulia. Kwenye mikunjo ya fenda, kata kipande cha soli ya ndala kuukuu. Kinapinda na bodi bila kuzama, na hakikugharimu hata shilingi!

4. Panua kidonda
Rangi ikichubuka inaacha ngazi ndogo pembeni. Sugua nje zaidi ya pale palipoumia hadi uone miduara: bati, praima, rangi, kila mmoja ukiingia kwenye mwenzake taratibu. Fumba macho upitishe ukucha. Unakwama? Endelea.

5. Puti haitaki maji
Hapa wengi wanaharibu kazi nzuri. Puti ina vitundu vinavyonyonya maji, na maji hayo yakifika kwenye bati, kutu inaanza chini kwa chini mpaka rangi ivimbe. Isugue kavu, kila mara. Kabla ya kuipaka, bati liwe safi, lisilo na kutu, limekwanguliwa kwa P80 ili puti ishike. Hadina, yaani dawa ya kugandisha puti, ni takriban gramu 2 kwa kila gramu 100 za puti, na ukizidisha, doa linaweza kupenya hadi juu ya rangi. Kwa joto la Dar au Mombasa, changanya kidogo kidogo, kwani inaganda dakika chache tu.

6. Tumia rangi nyeusi kama mpelelezi
Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote. Praima ikishakauka, puliza rangi nyeusi isiyong'aa kutoka mbali, iwe kama vumbi tu. Ikikauka, pitisha kibao chenye P400. Weusi unaondoka haraka kwenye sehemu zilizosawazika, lakini utaona vidoti na michirizi imegoma: hayo ndiyo mabonde ambayo jicho lilikuwa halioni. Na bati likichungulia huku weusi bado uko pembeni, hapo ni kilima, acha kusugua. Bonde dogo ongeza praima, bonde kubwa rudisha puti. Utashangaa jinsi fenda uliyoapa iko sawa inavyokuonyesha siri zake!

7. Bampa lina masharti yake
Chungulia nyuma ya bampa utafute herufi PP. Plastiki hiyo haishikani na rangi kirahisi, kwa hiyo ikitokeza, ipulizie kwanza dawa ya kushikisha rangi kwenye plastiki. Msasa usiwe mkali: P80 inainua nyuzi kwenye plastiki, na kuzilainisha ni kazi mpya kabisa.

8. Bati tupu lisilale nje
Tanga, Lamu, Unguja, kokote kwenye upepo wa chumvi, bati lililokwanguliwa asubuhi linaweza kuwa na wekundu kesho yake. Lipige praima ya epoksi siku hiyohiyo, na usiliguse kwa kiganja chenye jasho. Barakoa nayo ivaliwe tangu mwanzo, kwa sababu rangi za zamani huweza kuwa na risasi. Msasa wa maji uliingia sokoni mwaka 1921 kupitia kampuni ya 3M, na ukapendwa kwenye karakana za magari kwa kutuliza vumbi. Utumie kwenye rangi ya zamani, mbali na puti.

Ukimaliza, futa fenda kwa ile dawa ya kuondoa nta na, kabla haijakauka, inama uitazame kwa upande ikielekea dirishani. Nondo za dirisha zikionekana zimenyooka, mpigie fundi aje na kompresa.