Nywele za mama aliyevuka sitini

Kwenye kuta za saluni nyingi mjini Kakamega pamebandikwa bango la mitindo, na kila uso kwenye bango hilo ni wa msichana wa miaka ishirini na kitu. Kukhu, yaani bibi, wa miaka 68 akiketi, anaambiwa achague kwenye bango hilo hilo. Wengi huishia na rasta za mjukuu, au hukata tamaa wakafunga kitambaa mwaka mzima. Maswali haya ni yale ambayo akina mama huniuliza nikiwa nimeshika kitana, nami nayajibu kama msusi.

Nina miaka 63, ni mwalimu mstaafu. Mtindo gani utanipendeza bila kuonekana nashindana na binti zangu?

Mwalimu, kabla sijatazama uso wako nitazitenganisha nywele na kutazama ngozi ya kichwa. Hedhi ikishakoma, unywele mmoja mmoja huwa mwembamba kuliko zamani, na utosini nywele hupungua. Kichwa kilichobeba rasta za kufika kiunoni ulipokuwa na miaka 30 hakiwezi tena mzigo ule. Rasta ndefu zikilowa mvua yetu ya alasiri ndizo huelemea zaidi, tena hazikauki upesi. Unalala nazo mbichi, na kufikia Ijumaa kichwa kinanuka na kuwasha.

Halafu uso. Umri hupunguza nyama mashavuni na kwenye paji la uso. Mtindo unaovuta kila unywele nyuma na kuubana kwa bendi huuacha uso mtupu, na kila kilichopungua kinaonekana. Kwa hiyo uso mwembamba unataka nywele zijae kidogo pembeni, karibu na masikio. Uso wa mviringo unataka kinyume chake: pembeni zipunguzwe, juu ziachwe zisimame. Na kama unavaa miwani, usikubali rasta nene nyuma ya masikio. Mikono ya miwani itasukumwa nje, nawe utashinda ukiipandisha puani.

Ukiniachia mimi niamue, nitakukatia afro fupi, juu kama vidole viwili, pembeni fupi zaidi, na mvi zako ziachwe zionekane. Margaret Kenyatta alikaa Ikulu kuanzia 2013 hadi 2022 na nywele zake fupi, na sijasikia mtu akisema hakupendeza. Kama hupendi kukata, tusokote nywele zako mwenyewe mbili mbili, bila kuongeza chochote, zifike shingoni. Wangari Maathai, aliyepata Nobel ya Amani mwaka 2004, alipenda kusuka na kufunga kitambaa cha rangi juu yake, na hicho kitambaa kilikuwa sehemu ya urembo wenyewe, si cha kuficha kitu. Matuta ya kwenda nyuma pia ni mazuri, ila yawe makubwa na machache. Madogo madogo huonyesha ngozi ya kichwa cha mtu mzima kuliko nywele.

Nywele za mbele zimerudi nyuma karibu vidole vitatu. Nisuke nini cha kufunika?

Mama, usisuke cha kufunika, maana kufunika ndiko kulikozimaliza. Zile nywele laini za ukingoni ndizo za kwanza kung'oka zikivutwa miaka mingi na rasta, na nyuzi za kushonea, na bendi. Msusi akimaliza na huwezi kukunja uso, au vipele vidogo vimetokea kwenye mistari usiku ule ule, amekaza kupita kiasi. Fumua, hata kama umeshalipa.

Weka kidole ukingoni uipapase ngozi. Ikiwa bado ina vinywele vifupi vifupi, zipumzishe nywele, na nyingi zinaweza kurudi kwa miezi kadhaa. Nywele zetu hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi, basi usizikague kila asubuhi. Ikiwa ngozi imekuwa nyororo na inang'aa bila hata kitundu, mizizi imeshaziba kwa kovu, na mafuta ya nyonyo hayataifufua hata muuzaji akiapa. Hapo tunakata zilizobaki ziwe fupi ili tofauti isionekane, au tunaziacha za utosini zilale mbele kidogo.

Kuna upungufu mwingine ambao si wa kuvutwa tu. Huanzia utosini na kupanuka kama duara, mara nyingi ngozi ikiwaka au kuuma. Huo ni ugonjwa unaowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika, na mwaka 2019 watafiti waliuhusisha na jeni iitwayo PADI3, kwa hiyo baadhi ya watu huzaliwa na mwelekeo wake. Muone daktari wa ngozi mapema kabla kovu halijaenea. Na zikidondoka kichwa kizima kwa ghafla, omba upimwe damu na tezi ya shingo. Msusi hawezi kuona upungufu wa madini ya chuma kwa macho.

Nipake mvi rangi nyeusi?

Ukitaka, paka, lakini si nyeusi ti. Weusi wa wino kando ya uso wa miaka 70 huufanya uso uonekane umechoka zaidi, na wiki mbili baadaye mstari mweupe unachomoza kwenye mizizi. Kahawia iliyokolea husamehe. Rangi nyingi nyeusi zina kemikali iitwayo PPD, ile ile inayotiwa kwenye piko ya kuchorea maharusi kule pwani, na kuna watu huvimba uso hadi macho kufunga. Paka tone nyuma ya sikio, usubiri siku mbili. Kutumia rangi ile ile miaka kumi bila shida si kinga, mwili unaweza kuikataa leo. Na usitie rangi na dawa ya kulainisha siku moja.

Natia dawa ya kulainisha tangu ujana. Niache?

Mimi ningeacha. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanawake karibu 34,000. Waliotumia bidhaa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya mara mbili ya wasiotumia. Tuseme hivi: kati ya wanawake 100 wasiotumia, wasiofika 2 wangeugua kabla ya miaka 70. Kwa watumiaji wa mara kwa mara ni kama 4. Hayo hayathibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha, na wengi waliotumia hawakuugua. Lakini nywele zilizopungua unene na ngozi iliyokauka hazina sababu ya kuchomwa kila wiki nane.

Si lazima ukate zote siku moja. Acha mizizi ikue, suka matuta yaliyolegea, na kila mara ukifumua tupunguze ncha zenye dawa.

Kanisani kwetu, African Israel Nineveh, kilemba cheupe ni lazima. Nywele chini yake zinakatika. Nifanyeje?

Kilemba hakina kosa, ila kitambaa cha pamba kinanyonya mafuta, na fundo lile lile mahali pale pale hulisugua paji kila Jumapili. Vaa kwanza kofia nyepesi ya satini, kisha kilemba juu yake. Fundo lihamishe, leo kulia, wiki ijayo nyuma. Nywele zenyewe zisukwe bapa, matuta sita au manane ya kuelekea shingoni, yasifanye nundu chini ya kilemba. Ushauri huu pia ni wa akina mama wanaofunga kitambaa kila siku shambani, na wa anayevaa helmeti ya bodaboda.

Mama yetu alinyolewa baada ya matanga ya baba. Sasa nywele zimeota, anasema anataka kusuka upesi ili asionekane mjane.

Mpe pole kutoka kwangu. Kunyoa baada ya mazishi ni jambo letu la siku nyingi huku Magharibi, na nywele zinazorudi baadaye ndizo safi zaidi atakazokuwa nazo: hazina dawa, hazijavutwa. Msikubali zivutwe na kuunganishwa na rasta zikiwa na urefu wa kucha. Zikifika sentimita 3 hivi, mleteni tuzichonge zipate umbo, maana nywele zikiachwa ziote ovyo humpa mtu sura ya mgonjwa. Tutalainisha mstari wa shingoni, juu tuache. Hereni na blauzi yenye kola nzuri zitafanya kazi iliyobaki. Akizoea afro hiyo, hatataka kurudi kwenye rasta, nimeona hivyo kwa wengi.

Nikioshwa nywele kwenye sinki napata kizunguzungu.

Simama, usioshwe hivyo tena! Mwaka 1993 daktari mmoja wa Marekani, Michael Weintraub, aliandika kuhusu wanawake watano waliopata dalili za kiharusi baada ya shingo zao kulazwa nyuma kwenye sinki la saluni. Mishipa ya shingo ya mtu mzima haipendi kukunjwa hivyo. Omba uinamie mbele, au shingo iwekewe taulo nene na isiachwe ikining'inia. Kizunguzungu kikirudi ukiwa nyumbani, nenda hospitali.

Wigi kwa siku ya harusi ya mjukuu?

Siku moja, hakuna neno. Chagua fupi, nyepesi, yenye rangi inayokaribiana na mvi zako, na usiigundishe kwa gundi ukingoni. Ivue ukifika nyumbani.

Naweza kwenda kwa kinyozi wa wanaume?

Unaweza, na wengine wana mkono mzuri kuliko wasusi kwa nywele fupi. Mwombe asafishe mashine kwa spiriti mbele yako. Mwambie apunguze kwa mashine yenye kofia, asishuke hadi kwenye ngozi, na asichonge paji kwa wembe kama anavyowafanyia vijana. Ukingo wa kike uachwe ulivyo. Na ukae wima, umwonyeshe kwa kidole zinapoishia kabla hajawasha.