SOMO LA ANGA: MAPUTO YALIYOPANDA JUU YA ZIWA LETU



Tulipofika Suratul An'am, aya ya 125, penye mfano wa kifua kinachobana kama cha mtu anayepanda mbinguni, mwanafunzi mmoja alituuliza: "Ustadh, kuna mtu aliyewahi kupanda huko akaona hali hiyo?" Swali lilikuwa zuri na muda wa darasa ukawa umekwisha. Tunalijibu hapa.

1. HEWA HUPUNGUA

Sisi wa Makoko, kando ya ziwa, tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kadiri mtu anavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi. Kwenye mita 5,500 hivi, chini kidogo ya kilele cha Kilimanjaro, mgandamizo wa hewa ni nusu tu ya ule wa pwani. Basi kila pumzi inaleta oksijeni kidogo, na kiungo kinachoumia mapema ni ubongo.

2. WALIOPANDA WENYEWE

Tarehe 5 Septemba 1862, Waingereza wawili, James Glaisher na Henry Coxwell, walipanda kwa puto ili kupima hali ya anga. Karibu na mita 8,800 Glaisher alishindwa kusoma kipimajoto, mikono ikalegea, kisha akazimia. Coxwell mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, hata akaivuta kamba ya kutolea gesi kwa meno. Ndipo puto likashuka.

Tarehe 15 Aprili 1875 Wafaransa watatu walipanda na puto lililoitwa Zénith. Hao walichukua mifuko ya oksijeni. Walifika mita 8,600. Gaston Tissandier alisimulia baadaye kwamba hakusikia maumivu wala hofu, bali furaha. Alipotaka kuushika mpira wa oksijeni, mkono haukuinuka. Wenzake wawili, Sivel na Crocé-Spinelli, walifariki humo humo kwenye kikapu, na dawa yao ikiwa karibu nao.

Hapa tusimame kidogo. Wanazuoni wetu wamegawa ujinga mafungu mawili. Jahlu basit ni kutojua, na mwenyewe unajua kuwa hujui. Jahlu murakkab ni kutojua, tena ukadhani unajua. Mtu aliyepungukiwa na oksijeni yuko katika hali ya pili. Akili iliyopaswa kumwambia kuwa kuna hatari ndiyo yenyewe iliyodhoofika, naye anaona yu salama kabisa.

3. MAPUTO YASIYO NA MTU

Wataalamu wakapata mazingatio. Badala ya mtu, wakapeleka vifaa vinavyojiandikia joto na mgandamizo. Mjerumani Richard Assmann alitumia maputo ya mpira yaliyojazwa haidrojeni. Puto kama hilo linavimba kadiri linavyopanda, mwisho linapasuka, na kifaa kinashuka taratibu kwa mwavuli.

Mfaransa Teisserenc de Bort aliona jambo la ajabu: kuanzia kilomita 11 hivi baridi haikuzidi tena. Hakukimbilia kutangaza. Alidhani huenda jua limekipasha moto kifaa, akarusha maputo usiku pia. Baada ya maputo zaidi ya 200, mwaka 1902, ndipo akatangaza. Mwaka huo huo Assmann naye alitoa matokeo yanayofanana. Tabaka hilo tunaliita stratosfia.

4. ZIWA VICTORIA, MWAKA 1908

Mwaka 1908, nchi yetu ikiwa chini ya Wajerumani, Arthur Berson na Hermann Elias walitumwa kupima anga la Ikweta. Berson alikuwa amepanda mwenyewe na mwenzake Süring hadi mita 10,800 mwaka 1901, na wote wawili walizimia. Safari hii alirusha maputo na tiara zenye vifaa, pwani na juu ya Ziwa Victoria, hili hili tunalolitazama kila siku.

Walipata mambo mawili:

(a) Huku kwetu kwenye joto, anga la juu ni baridi kuliko la Ulaya. Ulaya baridi hukoma kwenye nyuzi 55 hivi chini ya sifuri. Juu ya ziwa ilipita nyuzi 80 chini ya sifuri. Sababu ni kwamba hewa yenye joto la Ikweta hupanda juu zaidi, hadi kilomita 17 hivi, na hewa inapopanda hutanuka na kupoa.

(b) Huko juu kabisa walikuta upepo unaotoka magharibi. Lakini vumbi la mlima Krakatoa uliolipuka mwaka 1883 lilikuwa limeonyesha upepo wa Ikweta unatoka mashariki. Nani mkweli? Wote wawili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilibainika kwamba pepo hizo hupokezana, na mzunguko mmoja huchukua wastani wa miezi 28. Ninyi mnaosoma elimu ya Hadithi mnalijua hili: kabla ya kuikataa riwaya ya mkweli, tazama kwanza kama zote mbili zinaweza kukusanywa.

5. FAIDA KWETU

Hadi leo mamia ya vituo duniani hurusha maputo kama hayo, kwa kawaida saa 9 usiku na saa 9 alasiri kwa saa zetu. Vipimo vyake huingia katika utabiri wa hali ya hewa.

Wengi wenu mna baba au kaka anayevua dagaa usiku. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, upepo wa pande zote ukaelekea ziwani, hewa ikapanda na dhoruba ikazaliwa, na waliomo mitumbwini ndio wanaokutana nayo. Anayesema "ziwa hili nalijua, sihitaji utabiri" anafanana na yule wa kwenye kikapu aliyejiona salama. Tuwasikilizishe wazee wetu utabiri kwa adabu kabla hawajatoka. Kutawakkal ni pamoja na kumfunga ngamia.

MASWALI

1. Kwa nini Tissandier hakuogopa?
2. Eleza kwa nini anga la juu ya Ikweta ni baridi kuliko la Ulaya.
3. Taja jambo moja ulilodhani unalijua, kisha ukagundua hukulijua.

Wabillahi tawfiq.