Kabla Hujang'oa Themostati

Gari la miaka 20 likianza kuchemsha mlimani, ushauri utakaoupata katika gereji nyingi, Dar es Salaam hata Nairobi, ni ule ule: ng'oa themostati, jaza maji, safari iendelee. Kwa kuwa gari hutembea baada ya hapo, ushauri huo haufi. Lakini ukifuatilia joto linatoka wapi na linakwenda wapi, utaona kwamba kifaa cha kukaguliwa kwanza ni kingine kabisa, nacho hufunguliwa kwa mkono bila spana: kifuniko cha rejeta.

Tuanze na joto lenyewe. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 32. Kama theluthi moja tu, mara nyingi pungufu, ndiyo inayosukuma gari. Nyingine kama hiyo hutoka na moshi kwenye ekzosi, na inayobaki huingia kwenye chuma cha injini. Chukua gari linalotumia lita 1 kwa kilomita 10, likienda kilomita 60 kwa saa. Kwa saa moja litachoma lita 6. Ukipiga hesabu, joto linaloachwa kwenye chuma linatosha kuchemsha lita moja ya maji baridi kila baada ya sekunde 18 hivi. Joto hilo lote lazima libebwe kutoka kwenye silinda hadi kwenye rejeta, lichukuliwe na upepo, bila kusita hata kidogo.

Maji hubeba joto vizuri mno, mradi yabaki kuwa maji. Yakigeuka mvuke ukutani mwa silinda, chuma hukosa cha kukipoza, kwa sababu mvuke hauchukui joto kutoka kwenye chuma kama maji yanavyofanya. Mahali hapo hupata moto kuliko penginepo. Silinda hedi ya aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha bloku kilicho chini yake, hivyo hupinda, na gasketi iliyo katikati ikaachia. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: maji yazuiweje yasichemke?

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuishinda presha inayoyakandamiza kutoka juu. Pwani, ambako hewa ni nzito, hilo hutokea kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukiongeza presha, maji huvumilia joto zaidi. Hiyo ndiyo kazi ya kifuniko cha rejeta. Kitazame kwa karibu: ndani kina springi, sahani na mpira wa kuziba, na juu kimeandikwa namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Namba hiyo ni presha ambayo springi huizuia kabla ya kuachia maji yaende kwenye chupa ya akiba. Kifuniko kizima cha 0.9 huwezesha maji ya pwani kufika karibu nyuzi 118 bila kuchemka.

Sasa mpira huo ukikauka na kupasuka, presha haijengeki. Themostati, yaani mlango unaoruhusu maji yaende kwenye rejeta, katika Toyota nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, ikawa wazi kabisa kwenye 95. Maana yake ni kwamba gari la Nairobi lenye kifuniko kibovu huweza kuchemsha maji yake kabla hata themostati haijafunguka yote. Fundi ataona mvuke, ataishuku themostati, kumbe haina kosa.

Katikati ya kifuniko kuna vali nyingine ndogo. Injini inapopoa, maji husinyaa, na vali hiyo huruhusu yaliyokimbilia kwenye chupa yavutwe kurudi. Asubuhi ukikuta mpira mnene wa rejeta umenywea na kubonyea, anza kwa kuikagua vali hiyo.

Na themostati? Ndani yake mna nta inayoyeyuka, ikatanuka na kusukuma mlango wazi. Ukiing'oa, injini huchelewa kupata moto, kompyuta yake huendelea kuongeza petroli ikidhani ni asubuhi, na unyevu hujikusanya kwenye oili. Nyingine zina kisahani cha pili upande wa chini, kinachoziba njia ya mkato injini ikishapata moto. Bila kisahani hicho, sehemu ya maji ya moto huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Hapo dawa inazidisha ugonjwa.

Unaweza kuipima nyumbani. Ining'inize kwa uzi ndani ya kopo kuukuu la maji, isiguse chini, weka kipimajoto, pasha taratibu. Isipofunguka ikifika joto lililopigwa mhuri juu yake, nunua nyingine. Usitumie sufuria ya kupikia, kwa kuwa themostati hubaki na kulanti, yaani dawa ya kupozea injini, nayo ni sumu, tena ina utamu unaovutia watoto na wanyama.

Kuhusu maji ya bomba au kisima nitasema kwa ufupi: yana chokaa, nayo joto huigandisha ndani ya vijia vya rejeta. Utando huo hupitisha joto kwa shida sana ukilinganisha na aluminiamu. Maji ya mvua hayana chokaa, lakini hayana dawa ya kuzuia kutu. Tumia kulanti, ukiichanganya kama ilivyoandikwa kwenye chombo chake.

Jambo moja halina mjadala. Maji yaliyo kwenye nyuzi 110 yakiondolewa presha ghafla, sehemu yake hulipuka kuwa mvuke papo hapo, na humrukia usoni aliyefungua. Zima injini, subiri hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa kiganja bila kuungua, kisha ndipo ufungue. Ukikuta mpira wa kifuniko umepasuka, nunua kingine chenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na themostati yako iache mahali pake.