SOMO: SAFARI YA KWANZA DAR ES SALAAM



Je, unakwenda Dar es Salaam kwa siku mbili? Panga safari yako kwa kalamu na karatasi.

Kwanza, andika shabaha ya safari. Siku mbili ni chache. Chagua jambo moja kubwa, kama kutibiwa Muhimbili au kununua bidhaa Kariakoo.

Pili, andika jina la mwenyeji wako, mtaa wake na namba yake ya simu. Simu yako ikizimika, karatasi itakusaidia.

Tatu, soma tiketi kwa makini. Mabasi mengi ya mikoani huishia Kituo cha Magufuli, Mbezi, kilichofunguliwa mwaka 2021. Zamani yaliishia Ubungo. Kutoka Mbezi hadi mjini kati ni mbali. Tenga nauli ya daladala.

Angalia saa pia. Tiketi ikiandikwa 06:00, maana yake ni saa 12 asubuhi. Ikiandikwa 18:00, ni saa 12 jioni. Ukikosea, basi litakuacha na nauli itapotea.

Nne, tenga nauli ya kurudi kabla hujaondoka nyumbani. Usiichanganye na fedha za matumizi. Wahenga walisema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mjini hakuna shamba. Ukikwama, utamlemea mwenyeji wako.

Zoezi
1. Tiketi inasema 07:30. Hiyo ni saa ngapi?
2. Kwa nini nauli ya kurudi itengwe mapema?
3. Andika karatasi yako ya safari.