Mtoto Mmoja, Walezi Watatu

Katika somo la juma hili twapenda kuwaeleza juu ya watu watatu waliopewa kazi moja: mzazi, mwalimu na mtaalamu wa afya. Kila mmoja wao amjua mtoto kwa upande wake. Wasipokutana, mtoto huumia, na mara nyingi huumia pasipo mtu yeyote kukusudia ubaya.

Tutazame jambo linalotokea katika madarasa mengi. Mtoto wa darasa la tatu aketi nyuma. Hukosea kunakili yaliyoandikwa ubaoni, huchungulia daftari la mwenzake, na akiitwa haitiki upesi. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi amwona mvivu. Nyumbani, mama yake aona kwamba hushika kitabu karibu na pua, au kwamba sikio lake latoka usaha mara kwa mara, lakini hadhani kwamba jambo hilo lahusu shule. Katika zahanati au hospitali ya wilaya yuko mtu awezaye kumpima, ila hakuna aliyempelekea mtoto. Mwisho wa mwaka mtoto huyo apewa jina la mjinga, nalo humganda hata ukubwani, ingawa shida yake ilikuwa macho au masikio.

Shida hii si ndogo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2016 kwamba katika kila watoto 100 waliopoteza usikivu, 60 hivi walipatwa na sababu ambazo zingeweza kuzuiwa. Miongoni mwa sababu hizo ni surua, homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa wa sikio ulioachwa bila kutibiwa. Na mtoto asiyeona mbali hawezi kuponywa kwa fimbo. Ahitaji miwani.

Je, malezi ya mtoto ni kazi ya nani? Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi ya Kikristo, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao, kwa kuwa ndio waliowapa uhai. Ulifundisha pia kwamba wajibu huo wahitaji msaada wa jamii nzima, na kwamba yawapasa walimu kushirikiana na wazazi. Basi, mzazi ampelekaye mtoto shuleni hajautua mzigo. Amepata mwenzake wa kuubeba.

Twalisema hili kwa sababu. Tangu ada ilipofutwa katika shule za serikali mwezi Januari 2016, watoto wengi wa maskini wamepata nafasi ya kusoma, nasi twashukuru. Lakini wako wazazi waliofikiri kwamba tangu hapo mambo yote ya shule ni ya serikali, nao hawana la kufanya ila kungoja matokeo ya mtihani. Serikali yaweza kulipa ada, lakini haitajua kwamba mtoto fulani hakulala usiku kwa maumivu ya sikio. Anayejua ni mama yake.

Hata hivyo, wazazi nao watendewe haki. Wengi huitwa shuleni siku ya mashtaka au siku ya michango tu. Mzazi asiyejua kusoma husimama mlangoni kwa haya, akaelezwa makosa ya mwanawe mbele ya watu, akaondoka. Huyo hatarudi. Yafaa mwalimu ampe kiti na kumwuliza, "Mama, mtoto wetu huyu nyumbani yukoje?" Yeye amemtazama mtoto huyo kwa miaka, mwalimu amemtazama kwa miezi michache.

Nini basi kifanyike? Kwanza, mzazi aende shuleni mwanzoni mwa muhula, kabla hajaitwa, akaeleze magonjwa makubwa aliyougua mtoto. Kadi ya kliniki iliyotunzwa tangu kuzaliwa yaweza kumsaidia kukumbuka. Wala kazi hii asiachiwe mama peke yake. Baba naye aende.

Pili, mwalimu aonapo mtoto anarudi nyuma katika masomo, achunguze habari za macho na masikio kabla ya kunena juu ya uvivu. Amketishe mbele, kisha awaite wazazi kwa upole.

Tatu, mtaalamu akishampima mtoto aseme kwa maneno yanayoeleweka, tena amwandikie mwalimu mistari miwili: mtoto avae miwani darasani, au mwalimu amtazame usoni anapomsemesha.

Nne, mtoto akionekana kuwa na ulemavu usiotibika, asifichwe nyumbani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yatambua haki yake ya kusoma kama wenzake.

Twajua kwamba nauli ya kwenda hospitali na bei ya miwani si mambo mepesi kwa mkulima. Hapo ndipo jumuiya ndogondogo zioneshe upendo wao. Jumuiya ichangayo kwa arusi na kwa msiba yaweza pia kuchanga ili mtoto mmoja aone ubao.

Maswali ya kuzungumza nyumbani juma hili:

1. Mara ya mwisho tulikwenda shuleni lini pasipo kuitwa?

2. Je, katika watoto wetu yuko anayeitwa mvivu, na bado hajapimwa macho wala masikio?

3. Mwalimu wa mtoto wetu twamjua kwa jina, naye atujua?