Paa la Chekechea Likivuja, Mzazi Abishe Mlango Upi?

Mvua ya masika imeanza na paa la darasa la chekechea linavuja. Mzazi anamwendea mwalimu mkuu wa shule ya msingi, naye anamweleza kwamba darasa hilo si lake, ni la kaunti. Mzazi anafika ofisi ya wadi na kuambiwa kwamba bajeti ya mwaka huu imeshapitishwa. Wiki inapita, watoto wanasongamana kwenye kona iliyo kavu, na mzazi hajui aanzie wapi tena.

Shule nyingi za umma zina uwanja mmoja na lango moja, lakini ndani yake zinahudumu serikali mbili. Mkazi anayejua mpaka wa majukumu hayo hupata jibu mapema zaidi kuliko yule anayezungushwa kutoka afisi hadi afisi.

Nani anasimamia nini?

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeigawa kazi ya elimu. Serikali ya kitaifa inasimamia sera, mitaala, mitihani, shule za msingi, shule za sekondari, elimu maalum na vyuo vikuu. Walimu wa shule za msingi na sekondari za umma huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC.

Serikali ya kaunti imepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na mitaani, na vituo vya kulea watoto. Kwa hiyo madarasa ya PP1 na PP2, walimu wake na vifaa vyake ni wajibu wa kaunti, hata kama madarasa hayo yamo ndani ya uwanja wa shule ya msingi. Vivyo hivyo kijana anayejifunza ushonaji, uashi au umekanika katika chuo cha ufundi cha kaunti.

Basi paa la chekechea ni la kaunti. Paa la Gredi ya Tano ni la serikali ya kitaifa, na mzazi anaweza pia kuuliza katika afisi ya NG-CDF ya eneobunge lake.

Msaada usiopitia darasani

Je, kaunti haina la kufanya kwa mwanafunzi wa Gredi ya Tano? Inalo, tena kubwa. Jedwali hilohilo limeipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maji na usafi wa mazingira, afya, maktaba, mipango ya ardhi na huduma za zimamoto.

Kila moja ya kazi hizo inagusa shule. Mtoto anayevuka mto usio na kivuko hukosa masomo siku ya mvua. Shule isiyo na maji hutuma watoto kuteka, na wasichana walio katika hedhi hubaki nyumbani. Maafisa wa afya ya umma hukagua vyoo na jikoni. Wazimamoto wanaweza kuwafundisha wanafunzi wa bweni jinsi ya kutoka salama moto ukizuka. Hakuna hata moja kati ya haya linaloitwa elimu katika vitabu vya bajeti, lakini kila moja huamua iwapo mtoto atakuwa darasani.

Mfano wa Nairobi

Mwaka wa 2023 Kaunti ya Jiji la Nairobi ilianzisha mpango wa chakula cha mchana, Dishi na County, ikishirikiana na shirika la Food4Education. Chakula hupikwa katika majiko makuu kisha kusafirishwa hadi shule za umma za chekechea na msingi. Mzazi hulipa shilingi 5 kwa sahani. Mtoto huvaa bangili inayosomwa na mashine wakati wa kupakuliwa, hivyo hashiki pesa taslimu foleni ikisonga.

Funzo lake ni kwamba kaunti haikuhitaji kuajiri walimu wala kubadilisha mtaala ili kumsaidia mwanafunzi wa shule ya msingi. Iliangalia kinachomzuia kusoma, yaani njaa, ikatafuta mshirika.

Suala la basari

Kaunti nyingi hutoa basari kwa wanafunzi wa sekondari, ingawa sekondari ni kazi ya serikali ya kitaifa. Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali ya kitaifa kabla ya kutumia fedha kwa kazi zisizo zao, na suala hilo likafika mahakamani. Kifungu cha 187 cha Katiba kinaruhusu serikali moja kuikabidhi nyingine kazi kwa makubaliano. Mzazi anayetegemea basari asisubiri fomu pekee. Aulize afisi ya elimu ya kaunti kama fedha zimetengwa.

Muda wa kuomba

Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini safari ya bajeti huanza mapema sana:

- Kufikia Septemba 1: mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata huwasilishwa katika Bunge la Kaunti.
- Kufikia Februari 28: taarifa ya mkakati wa fedha huwasilishwa.
- Kufikia Aprili 30: makadirio ya bajeti huwasilishwa.
- Kufikia Juni 30: bajeti huwa imepitishwa.

Ombi la paa linaloletwa Mei hukuta makadirio yameshafika bungeni. Linaloletwa Julai au Agosti hukuta mpango wa mwaka ujao ukiandikwa. Kamati ya wazazi iandike barua, itaje shule, wadi, idadi ya watoto na tatizo lenyewe, iambatishe picha, na ipeleke nakala kwa msimamizi wa wadi na kwa mwakilishi wadi. Nakala iliyopigwa muhuri ihifadhiwe. Wazazi wafike pia katika vikao vya ushirikishaji wa umma, kwani mradi usiotajwa na mtu ni rahisi kuachwa. Wasipojibiwa, Kifungu cha 37 kinawapa haki ya kuwasilisha malalamiko rasmi kwa mamlaka ya umma.

Maswali ya kujadili barazani

1. Katika shule ya mtaa wenu, ni nini kinachowazuia watoto kufika au kukaa darasani?
2. Kati ya hayo, yapi ni ya kaunti na yapi ni ya serikali ya kitaifa?
3. Nani ataandika barua, na itafika kabla ya Septemba?